Injini Uliyoifunga Mwenyewe, Aabo

Aabo,

Injini yako imefunguliwa. Nilitaka usikie kutoka kwangu, binti yako, ingawa sijui huko uliko nani mwingine angekuletea habari za pikapu. Nakuandikia kwa Kiswahili, kile cha gereji, cha wewe na wateja wako, kwa sababu nikianza kwa Kisomali nalia na kalamu inasimama.

Nianze na tazia, zile siku za msiba wako. Hooyo alinipigia simu Nairobi alfajiri kwamba mumewe hayupo tena, ukazikwa kabla ya adhuhuri kama inavyotakiwa, na basi langu likaingia Wajir kesho yake. Nilikuta viatu vyako mlangoni na ua umejaa watu. Uso wako sikuuona. Watu walikuwa wanasifu chai, eti chai ya kwenu tamu, haina ile chumvi ya visima. Niliwamiminia mimi mwenyewe, birika baada ya birika, wala sikujiuliza maji yanatoka wapi. Aabo, yalitoka kwenye pipa la bluu. Lile pipa la maji ya mvua uliloliwekea mfuniko na jiwe juu, la rejeta ya pikapu peke yake, ambalo hata Hooyo hakuruhusiwa kuchota ya kukandia unga. Tulilimaliza kwa siku tatu huku tukikuombea dua.

Ayeeyo, mama yako, bado anakaa kule njia ya Buna na mbuzi wake, na bado anangoja lile tangi la maji ulilokuwa ukimpelekea kwa pikapu kila Jumatano. Kuhamia mjini hataki kusikia, unamjua. Kwa hiyo Adeer alishika usukani wa ndugu yake, na mimi nikawa mtu wa kuandaa gari. Wiki ya pili maji ya rejeta yalikuwa chini. Pipa tupu. Nikachota kisimani nikajaza, kwa mikono hii, mimi niliyekua nikikusikia ukisema rejeta ikinywa maji ya kisima inapata mawe ya figo. Nilijiambia ni mara moja tu. Mvua haikuja, na ile mara moja ikawa kila wiki.

Mwezi uliopita injini ilichemka katikati ya njia. Walipoivuta pikapu hadi nyumbani nilichomoa kijiti cha oili, nikaona imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hilo nalijua hata mimi: gasketi ya hedi imeungua, maji na oili vimekutana. Najua kubadilisha oili na filta, basi. Hedi, kile kichwa cha injini, sijawahi kuinua. Lakini kwenye simu kuna bwana mmoja anafungua injini kama hii kwenye sakafu nyeupe kuliko sahani zetu, na nikaona kumbe si kazi. Nikanunua gasketi, nikatandika turubai chini ya mwarobaini.

Adeer akasema, "Wallahi, hiyo simu itakuharibia gari ya marehemu." Hooyo, ndani ya nguo zake nyeupe za eda, akajibu kutoka dirishani, "Fungua tu. Kwani baba yako alianza aje, si kwa kuharibu?"

Siku tatu nilikaa karibu na injini na spana mkononi bila kugusa kitu. Injini sikuiogopa. Niliogopa bolti. Wiki moja kabla ya kufa uliifunga hii injini mwenyewe, kila bolti ikakazwa kwa mkono wako, na mimi ambaye sikukuona nilikuwa nimebakiwa na hizo bolti tu. Nikifungua, ninafungua kitu cha mwisho ulichofunga. Nilikasirika pia, Aabo, nikakulaumu kwa kufa upesi bila kuniachia hata neno moja.

Kumbe neno uliniachia. Unamkumbuka yule mwalimu aliyekuja kuuliza kama anaweza kufungua pikipiki yake, bikibiki kwa ulimi wako, nyumbani? Ulimwambia, "Mwalimu, fungua tu, bole bole. Lakini ambia mimi kwanza: ukikosea, nani atalala na kiu?" Akasema hakuna, ni yeye tu atakwenda shule kwa miguu. Ukamwazima spana zako. Halafu akaja yule wa mashine ya kisima na swali lile lile, ukampokonya spana na kupanda naye gari saa hiyo hiyo.

Nikajiuliza na mimi. Nikikosea, atakayelala na kiu ni Ayeeyo. Niliweka spana chini nikampigia rafiki yako Guyo.

Guyo alikuja na sanduku lake la spana, akatazama, akanirudishia spana. "Ya kwanza fungua wewe. Mimi niko hapa." Nikafungua ya kwanza, na ya pili, mpaka kifuniko cha juu kikatoka. Kwenye kona, juu ya ile gundi nyekundu ya kuzuia oili, kulikuwa na alama ya kidole gumba chako. Kovu la mkanda wa feni limepita katikati, mistari yote ipo. Aabo, nililia mpaka Hooyo akatoka nje. Guyo alitugeuzia mgongo, akasoma Fatiha polepole. Kisha akasema gundi hiyo isipokwanguliwa oili itavuja, akauliza kama akwangue yeye. Nikamwambia hapana, nakwangua mimi. Nilitaka itoke nzima niiweke. Ilitoka vipande vipande, na hakuna kipande hata kimoja kilichokuonyesha.

Baadaye alilaza rula juu ya hedi, jambo ambalo mimi nisingelifikiria, akakuta imepinda kidogo. Gasketi yangu mpya ingeungua tena, na Adeer angekwama porini. Guyo akaipeleka Garissa kusawazishwa, na Jumatano hiyo akampelekea Ayeeyo maji kwa gari lake mwenyewe.

Jana pikapu ilikwenda njia ya Buna na kurudi, haikuchemka. Gundi mpya nilipaka mimi, kona ile ile, kwa kidole gumba.

Sasa nakuaga, Aabo, kwa sababu sikukuaga. Mungu akupe nafasi na akupe kivuli. Ile jenereta yako mbovu iliyoko stoo nitaifungua peke yangu. Nikikosea, giza ni langu. Na pipa la bluu nimelirudisha chini ya mabati, na mfuniko na jiwe lake, linangoja mvua. Watu wakija tena kukuombea nitawapikia chai ya kisima. Wakikunja uso, nitawaambia ni amri ya mwenye nyumba.

Binti yako,
Fardosa