Jezi Mbili Nilizofua

Lewisham, London
9 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepungua maumivu, na mvua za Tukuyu zimekuachia japo siku moja ya kuanika. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Mjukuu wako Marion ameng'oka meno ya utoto, ameota mapya ya mbele, na anakusalimia. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini nikimwita kula anaelewa upesi sana, huyo!

Najua utashangaa, Vaileth ana simu, barua ya nini? Mama, wewe simu unaiweka spika, kuanzia wifi mpaka mpita njia wote wanachangia. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, kaa chini, usome mwenyewe. Dada wa kanisani kwetu anayekuja likizo nimemsihi akukabidhi mkononi.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi nikakujibu nafua, ukacheka kwamba nimepanda ndege kwenda kufua. Basi nafua nguo za timu ya hoki ya barafuni. Uwanja wenyewe ni barafu tupu, ndani ya jengo, na vijana wamevaa viatu vyenye visu chini, wanagombea kwa magongo kidude cheusi cha mpira mgumu. Wanabamizana ukutani mchana kweupe, na watu wamelipa kiingilio kuja kushangilia! Siku ya kwanza nilijiuliza kama vijana hawa wana wazazi. Bosi wangu ni Mzee Tarsem, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, anakaa Queensbury. Yeye ananoa vile visu, mimi nafua, na siku nzima tunabishana kwa Kiswahili, yeye cha Kenya, mimi cha kwetu.

Sasa kuna kijana anaitwa Rodion, Mrusi, miaka ishirini na mmoja, anacheza beki. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, alimsimamisha kwenye barafu akiwa na miaka minne. Akiwa na kumi na minne alipandishwa treni kwenda shule ya michezo, safari ya siku mbili, na tangu hapo hajakaa kwao zaidi ya mwezi. Alipofika kumi na nane timu kubwa za kwao zilichagua wenzake, yeye zikamwacha. Akaenda kucheza Latvia, kisha Poland, kisha ndiyo akafika kwetu. Kazi ya beki haina sifa, mama. Mwenzake akifunga anabebwa juu, yeye akizuia anaondoka na ngeu. Lakini anaipenda, na kuipenda kwake utakuona kwenye nguo, maana wenzake wote wananitupia jezi kwenye toroli kama takataka, yeye anaikunja. Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, ndiyo maana tunaelewana. Ananiita Mama Marion kama anavyoniita Mzee Tarsem, na kwa muda mrefu alidhani ndilo jina nililobatizwa.

Mwishoni mwa Januari akaniambia kwa furaha kwamba watu wa timu kubwa ya Ujerumani wanakuja Jumatano kumwangalia yeye. Alikuwa ameshampigia mama yake. Mimi nikampikia maandazi, nikamwambia akifika Ujerumani asinisahau.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatano walikuwa na mechi. Nilikuwa mlangoni nikaona jitu la timu ya wageni linamkandamiza ukutani, kichwa kikagonga kioo cha uzio wa uwanja hadi kikatikisika. Akainuka, akacheza mpaka mwisho. Baadaye akaja chumba cha kufulia akiwa ameikunja jezi vizuri kuliko siku zote. Nikaikunjua. Ndani kulikuwa na matapishi. Akaweka kidole mdomoni, akaniomba nisimwambie Mzee Tarsem wala daktari, kwa sababu daktari akijua atamzuia kucheza Jumatano, na Wajerumani hawatarudi mara ya pili.

Nikaifua, mama. Nikaifua, nikaianika, nikanyamaza.

Jumatatu alikuja mazoezini amevuta kofia mpaka machoni kwa sababu taa zilimuumiza. Jumanne nilimkuta amekaa kwenye benchi anahangaika kuingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto, huku akicheka peke yake. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Jumatano asubuhi nilipofika kazini nilimshika Mzee Tarsem mkono nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa nini nimekaa siku nne, kisha akaenda kwa daktari bila kungoja jibu.

Wakamtoa Rodion kwenye orodha. Alipiga teke ndoo yangu ya maji, akalia kama mtoto mbele ya wenzake. Wajerumani walikaa kipindi kimoja wakaondoka. Kesho yake vipimo vya hospitali vikaonyesha damu imevuja kidogo ndani ya kichwa, na daktari akasema pigo jingine lingeweza kumuua palepale. Msimu wake umekwisha. Agosti watampima tena, na kama atacheza au hatacheza, hakuna anayejua.

Wiki tatu hakunisalimia. Alijua ni mimi, maana hakuna mwingine aliyeiona ile jezi. Halafu wiki iliyopita akaja, akakaa juu ya toroli, akaniuliza kwa nini nilimsaliti. Mama, nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikajikuta nalia, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote duniani. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole wala hakunisamehe, aliuliza tu, mama yako alisemaje ulipomwambia? Nikamwambia sijakwambia mpaka leo. Mtoto wa watu wa Urusi amelijua kabla yako wewe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka nimekaa kuandika.

Mama, ni habari ya kaka Ambokile.

Ile Jumamosi ya mwaka 2006, kwenye mechi ya kuchagua timu ya wilaya, aligongana vichwa na kipa. Alilala chini kidogo akainuka, akamaliza mechi. Njiani kurudi alitapika, akaichafua ile jezi ya njano. Akanisihi nisikwambie, kwa sababu ungemkataza kwenda Mbeya na timu, na alikuwa ameshachaguliwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimpenda kaka yangu. Niliifua mtoni kwa sabuni ya mche, nikaianika nyuma ya banda la ng'ombe usiione. Alitapika kabla, mama. Kabla hatujapita kwa jirani yetu Mama Jedidah, kabla hajatupakulia zile ndizi na maharage. Mimi nilikula sahani ileile nikalala salama.

Jumatatu alipotutoka, ulipopiga kelele kwamba mwanao amelishwa sumu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia wanawake wakiitikia. Nikanyamaza. Nilimwona Mama Jedidah akiacha kwaya, nikaona watu wakiacha kununua maziwa yake, na Jedidah, rafiki yangu niliyecheza naye tangu utoto, nikampita njiani kama simjui. Miaka kumi na tisa mnatenganishwa na mfereji mmoja tu na hamsalimiani. Kila mwaka niliahidi nitakwambia, kila mwaka nikaogopa. Yule mama hakumuua Ambokile. Kama kuna wa kulaumiwa, ni mimi niliyefua ile jezi.

Sikuombi unisamehe leo. Ukikasirika, nipigie unigombeze, hata kwenye spika, wasikie wote. Ndiyo haki yake Mama Jedidah, maana yeye alitukanwa mbele ya wote.

Nisalimie baba mdogo, wifi na watoto wake, mchungaji na mama mchungaji, na wote wanaoniulizia. Tunza goti lako, usibebe ndoo. Na kuna mmoja ambaye tangu niondoke nyumbani sijawahi kumtumia salamu. Ukimaliza kusoma, vuka mfereji, upige hodi kwake. Mwambie Vaileth anamwamkia, shikamoo, na umwachie barua hii aisome mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Vaileth