Kiti cha Nyuma

Shropshire, Jumapili

Wifi Beryl,

Mvua haijakatika tangu tufike, ila chai ni nzuri na marafiki wote wamekuja. Kaka yako Leonard na mimi tumeleta ile baiskeli yetu ya watu wawili. Kama kila mwaka, yeye alikaa mbele akiongoza, mimi nyuma nikitazama mgongo wake.

Jana mteremkoni alituingiza moja kwa moja kwenye lango la shamba lililofungwa. Tulichubuka tu. Rafiki yetu Nigel akacheka: "Len, lango la watu limekukosea nini?"

"Lango gani?" Leonard akauliza. Lilikuwa jeupe, mbele ya uso wake.

Wenzetu wakaanza kuzungumzia mvua.

Jioni Leonard aliniambia kwamba macho yake yanakufa na hakuna dawa. Daktari alimweleza tangu Februari, naye akanificha ili asiikose safari hii.

Leo nimeongoza mimi. Njia nzima nilimsimulia, yeye akiwa nyuma yangu: kondoo, kanisa, mto umejaa.

"Basi, Dilys," akasema. "Nyamaza kidogo, nizoee."

Usimpigie simu kwanza.

Wifi yako,
Dilys