Kwa Lehema, Mwenye Kuku Aliyeluka

Mpendwa Lehema,

Wewe hukuwahi kuwa na mama wala baba, maana nilikutunga mwenyewe nikiwa darasa la pili. Hata hivyo nina ugomvi na wewe, uliondoka bila kuaga!

Unakumbuka ulivyozaliwa? Baba alikuwa ametuhamisha kutoka Songwa kwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuungaunga, kimejaa Kisukuma. Mwalimu akanisimamisha nisome ubaoni: "Kuku wa Rehema ameruka." Nikasoma kwa sauti, tena kwa madaha: "Kuku wa Lehema ameluka." Mama yangu! Darasa zima liliangua kicheko, mpaka mwalimu naye akageukia ubao kuficha meno. Tangu siku hiyo jina langu la Kabula likafa. Nikawa Lehema. Masanja wa darasa letu na wenzake walinisindikiza kila mchana hadi nyumbani: "Lehema, kuku wako ameluka?" Nikaacha kusoma kwa sauti, nikaacha hata kuitikia nikiitwa.

Hapo ndipo ukaja. Nilikuwa nimejificha nyuma ya lundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, nalia. Nikawaza, kama Lehema si mimi, basi ni mtu mwingine, na huyo mtu yuko wapi? Ukakaa karibu yangu. Ulikuwa na pengo mbele, magoti yamejaa vumbi, na mdomo usio na breki. Tukasoma wote pale kwa sauti, na kila "r" ilikutoka "l" kama mimi, wala hukuona haya. "Kwani kuku mwenyewe kalalamika?" uliniuliza. Nilicheka peke yangu mpaka mama akadhani nina homa.

Na siku ile ya Masanja! Aliniuliza swali lake bombani, mbele ya watu wote waliokuja kuchota maji. Ukaninong'oneza, nami nikatamka: "Ameluka, tena kaangukia kwenu. Kamwambie mama yako amludishe!" Watu walivunjika mbavu, na safari hii hawakunicheka mimi. Kesho yake nilinyoosha mkono darasani, nikasoma ukurasa mzima na "l" zangu zote. Nilipokuja marudioni kukuhadithia, hukuwepo. Nililia kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya Masanja.

Sasa naishi Nyahanga, nashona nguo. "R" naijua siku hizi, hata naiviringisha nikitaka kuwaringia wateja. Lakini nilipojifungua binti, nikampa jina lako, kwa L. Ndugu walinisema sana, eti namtafutia mtoto kuchekwa. Mwaka huu ameanza shule, na moyo wangu ulikuwa juu juu.

Juzi karudi, mkoba mgongoni. Mwalimu alikuwa ameita "Rehema", yeye akanyamaza. Alipoulizwa mbona haitikii, akajibu kwamba hajasikia jina lake, yeye ni Lehema.

"Wamekucheka?" nikamuuliza, cherehani imesimama.

"Wamecheka sana. Na mimi nikacheka. Halafu mwalimu akaniita tena vizuri, nikasema nipo."

Ana pengo mbele, mwenzangu. Nilimkumbatia.

Wabeja sana, rafiki yangu, asante kwa yote. Sikutafuti tena.

Wako akupendaye,
Mama Lehema