Kwa Nini Shamba Letu Liko Mwisho wa Mfereji

Mutuku mjukuu wangu,

Habari za Kitengela? Huku Loitokitok tuko salama. Mama yako amevuna vitunguu, na mimi bado niko na meno ya kutafuna mahindi.

Umeniuliza kwa nini babu yako, alipoambiwa achague shamba, aliacha la juu karibu na mto akachukua la mwisho kabisa kwenye mfereji. Tena unataka tuliuze tununue la juu.

Sikiza. Kwetu, anayegawa zamu za maji ni mwenye shamba la mwisho. Maji yakimfikia yeye, basi kila mtu amepata.

Nikiwa bado bibi arusi, jirani wa juu aliziba mfereji kwa magunia ya mchanga. Maharagwe yetu yakaanza kunyauka. Nilitaka babu yako aende wagombane. Yeye alibeba jembe tu, akapanda juu akifuata mfereji, na kila shamba alilopita, mwenye shamba alichukua jembe akamfuata. Walipofika juu hawakugombana na yule jirani. Walianza kumsafishia kipande chake cha mfereji. Aliwaangalia weee, halafu akatoa magunia kwa mikono yake.

Jioni maji yalifika kwangu.

Siku hizi zamu nagawa mimi, na hakuna anayebisha. Baada yangu utagawa wewe, kwa hivyo hatuuzi.

Jumamosi tunasafisha mfereji. Jembe la babu yako nimelitia mpini mpya, wa urefu wako.

Nyanya yako, Mwende