Giaboksi Iliyotoka Kidichi

Baba yangu,

Shikamoo. Sijawahi kukwambia neno kabla ya kukusalimu, na sioni sababu ya kuanza leo.

Mama hajambo, kwa kiasi chake. Anakula nikimkalia. Mlango wa jikoni unaotazama uani aliupigilia misumari, sote tukawa tunazungukia mbele, hata na ndoo ya maji. Siku ile alikuwa amesimama pale pale, anapepeta mchele. Kanihadithia mara moja tu, hakurudia. Alisikia kitu kikivunjika, kidogo, kama mtu kavunja kijiti cha mdalasini. Akainua uso, akaiona pikapu inateremka haina dereva, na miguu yako ingali uvunguni.

Polepole, Baba. Hilo ndilo linalomtesa. Anasema haikuwa na haraka.

Nakuandikia kwa sababu kazi uliyoiacha imekwisha, na kwa sababu nusura kile kilichokuua kiue tena.

Baada ya hitma, Ami Khatibu alitaka kuiuza pikapu kama ilivyo. "Gari lishaua. Litoke nyumbani kwa kaka yangu," alisema. Nikamuuliza mnunuzi ataambiwa nini. "Ataambiwa ni otomatiki na inakwenda. Uongo?"

Si uongo. Lakini wewe na mimi tukiijua ile gari. Ukiweka kwenye P, ile ya kuegesha, inashika, leo inashika, kesho inashika, mpaka siku inapoamua kuachia. Ndiyo maana ukatafuta giaboksi ya gia za mkono, ukaja nayo ndani ya gunia la karafuu, ukifurahi kama uliyeletewa mgeni. Ndiyo maana siku ile uliingia uvunguni na futi, kupima kama itaenea.

Nikasema haiuzwi. Nikampigia simu rafiki yako Fundi Mathias, kule Michenzani. Alikuja asubuhi ya pili. Hakutoa pole. Aliizunguka pikapu, akaweka jiwe mbele na nyuma ya kila tairi, akaongeza na magogo, kisha akakaa kizingitini akalia mpaka Mama akamletea maji.

Tuliisukuma hadi penye usawa, tukaikalisha juu ya stendi za chuma. Mathias akaingia chini, mimi nikabaki kwenye jeki. "Zuwena, nisemeshe," alisema kutoka uvunguni. "Usinyamaze hata kidogo. Nataka nijue upo." Nikaanza kumtajia vya shambani kwetu Kidichi: hiliki, kungumanga, pilipili manga, mchaichai. Vikiisha narudia. Majirani walisimama nje ya ua. Hakuna aliyeingia, na hakuna aliyeondoka. Walikuwa kama watu wanaongoja.

Propela, ule mhimili unaozungusha tairi za nyuma, ikatoka, kisha ile giaboksi kuukuu ikashuka juu ya jeki, inavuja mafuta meusi. Mathias akafungua sehemu ya nyuma akanionesha. Mle ndani mna jino la chuma. Ukiweka P, hilo ndilo linaloshika gari zima. Ncha yake ilikuwa imelika, imekuwa duara kama sabuni ya juzi. Nikaigusa kwa kidole. Kitu kidogo hivyo, Baba. Akaifunga tena, tukaiburura nyuma ya banda la mbuzi, tuje tuivunje kazi ikiisha.

Tukafunga flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na klachi, tukaipandisha giaboksi yako, tukatoboa pa kuweka pedali ya tatu. Propela ilikuwa ndefu, mchomeleaji akaikata. Siku ya kuiwasha, ikakataa. Ufunguo unazunguka, kimya. Mathias akatikisa kichwa. "Bado inaitafuta P yake," akasema. Sikuipenda kauli ile. Akaunganisha nyaya mbili zilizokuwa zikiingoja P, chini ya dashibodi, na injini ikanguruma. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaitoa uani. Nyuma ya pazia nilimwona Mama amejifunika uso kwa kanga.

Niliporudi nikaenda nyuma ya banda. Giaboksi kuukuu haipo. Udongo umelowa mafuta tu.

"Siku nyingi nimempa mtu wa vyuma chakavu," Ami akasema. "Wewe ulitaka kuivunja. Si ndiyo yale yale?"

Nilimkuta mtu huyo Malindi, mjini, karibu na bandari. Akacheka. "Ile haikuvunjwa, dada. Kaichukua Haji wa Makunduchi, ana pikapu kama yenu. Alikuwa akitafuta giaboksi tangu zamani, kafurahi mno."

Kafurahi mno. Neno hilo nilikwenda nalo njia nzima ya Makunduchi. Mathias alikuwa pembeni yangu, na kila tulipoona watu wamekusanyika kando ya barabara nilihisi tumechelewa.

Hatukuwa tumechelewa. Uwanja wa Haji unateremka kidogo, na pikapu yake ilikuwa imeegeshwa juu. Chini ya mteremko, kwenye kigoda, alikaa mkewe, Bi Mwanakheri, na wenziwe wawili pembeni, wanachambua mwani walioanika. Hata salamu sikuimaliza. Niliwaomba wanyanyuke. Walinyanyuka kwa kunistahi mgeni.

Haji alisikiliza hadithi yako yote. "Poleni sana," akasema. "Lakini hii nimefungiwa na fundi. Nnaiegesha hapo kila siku, inashika."

"Naomba uitie P, uachie breki ya mkono, ushuke," nikamwambia.

Akafanya hivyo, akaja akasimama nasi, mikono kiunoni. Ikashika. "Unaona?" Ikaendelea kushika. Wale wanawake wakaanza kutazamana. Mathias kainamisha kichwa, na mimi uso umeniwaka kwa haya.

Kisha nikakisikia alichokisikia Mama.

Ilishuka polepole, Baba, vile vile. Ikapita juu ya mwani, ikapita juu ya kigoda, kikapasuka, ikaenda kuegemea ukuta wa mawe. Haji alikaa chini mchangani. Bi Mwanakheri alivitazama vipande vya kigoda chake, kisha akaniuliza taratibu, "Nani kakutuma kwetu?"

"Baba," nikasema. Ndipo nikalia. Tangu tukuzike sikuwa nimelia.

Siku ile ile Mathias na Haji waliishusha giaboksi, na Haji mwenyewe akaipiga nyundo mpaka ikafunguka kama dafu. Ami Khatibu nimemweleza. Kesho yake alikuja na nyundo yake, akaung'oa msumari mmoja baada ya mwingine kwenye mlango wa jikoni, na Mama akamwachia.

Sasa Haji kapata giaboksi ya gia za mkono, kaomba tukamfungie. Nimekubali. Mathias mgongo wake umegoma, hawezi tena kulala chini, kwa hiyo atakayeingia uvunguni ni mimi. Mama sijamwambia. Anadhani nnakwenda Makunduchi kuwasalimia.

Mola akulaze pema, Baba, akufanyie wasaa. Kesho asubuhi nnaondoka. Nitaweka mawe, nitaweka magogo, nitaitikisa gari kwa mikono miwili kabla ya kulala chini yake. Na nakuahidi nitatoka.

Binti yako,
Zuwena