Maji Miguuni mwa Mama

Jumatatu, 14 Julai

Nimembonyeza Mama mguu kabla ya kwenda kazini, kama kila asubuhi. Kidole kimeacha shimo. Nimempa kidonge chake cha kukojoza na chai ya rangi. Akabeba madumu yake ya mawese akaenda sokoni. Atakaa kwenye kigoda mpaka alasiri, miguu chini. Miaka sita namwambia apumzike, hasikii.

Salma anafika keshokutwa. Mdogo wangu. Daktari. Mama ameshaagiza migebuka mwaloni Kibirizi kwa ajili yake. Mimi nakaa na Mama siku zote na sijawahi kuagiziwa samaki.

Jumatano, 16 Julai

Kafika kwa treni. Mama kalia. Mtaa mzima wa kwetu hapa Ujiji umekuja kumwona. Wao wanamwita "daktari wetu". Mimi miaka kumi na tisa nipo zahanati ileile, nimewachoma sindano wote, naitwa "nesi" tu. Wengine jina langu, Tatu, hawalijui.

Hata hajanywa maji, Salma kapiga magoti akashika miguu ya Mama. Akatafuta mapigo juu ya unyayo. Akatazama ngozi ya kifundoni, ilivyokuwa nyeusi na ngumu. Akauliza kama uvimbe hupungua akiamka asubuhi. Mama akasema ndiyo, hupungua, kisha jioni unarudi. Mimi sikuwahi kumuuliza hilo.

Roho imeniuma. Nimeosha vyombo peke yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Jana walikwenda hospitali. Vipimo vinasema moyo mzima. Figo nzima.

Leo Salma kaketi mkekani, Mama na majirani wawili wakimsikiliza kama wapo darasani.

"Mama, damu ikishuka miguuni lazima ipande tena kwenda moyoni. Kwenye mishipa ya kuipandisha kuna vilango, vinaizuia isirudi chini. Vyako vimelegea. Basi damu inajaa huku chini, inasukuma mpaka kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele. Kuta za vijishipa hivyo zinapitisha maji kidogo siku zote, ndiyo kazi yake, nyama zipate chakula. Lakini vikisukumwa sana, maji yanayotoka yanakuwa mengi kuliko yanayorudi. Ndiyo huu uvimbe."

Mama kaelewa. Kauliza, "Na vidonge vya dada yako?"

Salma kanitazama, kashusha sauti. "Vidonge vinatoa maji ya mwili mzima, Dada. Vilango haviviponyi. Tuviache."

Kasema kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonichoma.

Nilisoma haya yote chuoni. Nilijibu mtihani nikafaulu. Halafu yakanitoka. Miaka sita iliyopita daktari mmoja alimwandikia Mama vidonge vya wiki mbili, mimi nikaendeleza kwa kichwa changu. Vilikuwa rahisi.

Jumapili, 20 Julai

Salma anamfunga Mama bandeji ya kuvutika kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Mito chini ya miguu mchana. Kunyanyua visigino mara ishirini, ati misuli ya nyuma ya mguu inakamua damu iende juu. Kisha wanatembea wawili mpaka ufukweni na kurudi. Nawasikia wakicheka tangu kona ya msikiti.

Uvimbe umeanza kupungua.

Mama kamwambia mteja wake, nami nipo palepale nimeshika dumu: "Mkubwa alikuwa ananinywesha vidonge tu. Huyu mdogo kanifungua macho."

Nina wivu. Naandika neno lenyewe. Namwonea wivu mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nawaonea wivu mpaka wanavyotembea.

Jumatatu, 21 Julai

Salma kachukua boti kwenda Mwamgongo, kwa rafiki yake wa shule. Anarudi Jumatano.

Alipoondoka nimempa Mama vidonge. Viwili, si kimoja. Nikamwambia vinaisaidia bandeji. Kameza bila kuuliza. Jioni nimempa vingine viwili.

Nataka Salma akirudi akute miguu imenywea. Nataka Mama aseme ni vidonge vya Tatu.

Jumanne, 22 Julai

Vinne tena. Miguu imenywea kweli. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Mama analalamika kiu. Misuli inambana. Nimemwambia ni kule kutembea kwao.

Jumatano, 23 Julai

Mama kaanguka sokoni.

Saa nne asubuhi. Aliinuka kwenye kigoda ampimie mtu mawese, akaenda chini. Muuza nyanya wa jirani yake alinipigia simu zahanati. Nilikimbia na sare yangu. Nilimkuta kalazwa juu ya magunia, mafuta yamemwagika mpaka kwenye kanga. Midomo mikavu. Presha iko chini. Mapigo yanakwenda ovyo, yanaruka. Miguu myembamba kama ya msichana. Nilikuwa nayakausha maji ya damu yake, si ya miguuni tu.

Hospitali daktari akauliza anatumia dawa gani. Salma naye ndiyo kwanza anaingia, kapigiwa simu akishuka botini Kibirizi, viatu vina mchanga. Akajibu yeye: hakuna, tuliziacha.

Ningeweza kunyamaza. Mama hakuwa na nguvu ya kusema. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria Salma atakavyonitazama. Kisha nikataja jina la dawa, na idadi, na siku.

Wamemtundikia dripu. Wamepima damu, chumvi za mwili zimeshuka vibaya. Daktari kasema tungechelewa, moyo ungesimama.

Barazani Salma hakupiga kelele.

"Ulitaka Mama apone, au ulitaka kunishinda?"

"Vyote."

Kaingia ndani kakaa upande wa pili wa kitanda. Hatujasemezana tena.

Ijumaa, 25 Julai

Mapigo yametulia. Mama kakaa, kanywa uji.

Nimemweleza mwenyewe, sikutaka aambiwe na mwingine. Nimesema nilimdanganya kuhusu bandeji, na kwa nini. Kageukia ukutani. Nilitamani anitukane.

"Tatu, mimi namsifu Salma kwa sababu ni mgeni," kasema. "Wewe nilidhani unajua."

Sikuwa najua. Nimemwambia hivyo. Kafumba macho. Sijui kama kanisamehe.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemweleza mkuu wetu wa zahanati. Kaniandikia barua ya onyo na kunitoa dirisha la dawa. Ni haki. Nimelia chooni.

Mama karudi nyumbani. Siku tano tu hospitali bila bandeji na uvimbe umeanza upya.

Ijumaa, 1 Agosti

Salma anaondoka kesho. Asubuhi kaniita chumbani kwa Mama. Maneno ya kwanza tangu siku ile. Kasema, "Dada, njoo ujifunze."

Kanionyesha. Tafuta mapigo kwanza. Anzia kwenye vidole, kaza zaidi chini, legeza kidogo ukipanda. Usiache mkunjo. Alinishika kiganja akakielekeza, kama mwanafunzi. Wivu ulikuwepo palepale. Nikauacha uwepo, nikafunga.

Jumanne, 5 Agosti

Ziwa limetulia leo. Upepo hakuna.

Nimemfunga Mama bandeji kabla hajashuka kitandani. Kaigusa, kasema Salma alikuwa anakaza zaidi.

Nikaifungua. Nikaanza upya, kwenye vidole.