Salamu Ambazo Baba Hakunituma

Mpendwa Doña Ercilia,

Kabla sijakuomba ushauri katika safu yako ya gazeti naomba radhi kwa urefu wa barua hii, kwa maana mwalimu wetu wa lugha hutuambia kwamba shida iliyoelezwa nusu hupata jibu nusu, nami nahitaji jibu zima. Nina miaka kumi na minne, nasoma shule ya masista, na mwezi wa Februari natimiza kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Ukumbi umepatikana, gauni limeshonwa na limebaki pindo tu, na nyumbani kila mtu anazungumzia keki isipokuwa baba, ambaye hazungumzii chochote. Majina yote nimeyabadilisha, na la mji silitaji.

Baba yangu, nitamwita Radhamés, ni mrushaji wa besiboli. Alitia saini mkataba akiwa na miaka kumi na sita, kiangazi kimoja na rafiki yake Eligio, kwenye uwanja wa vumbi ulio nyuma ya kiwanda cha sukari, wakapelekwa ng'ambo kaskazini wote wawili, wakalala chumba kimoja, wakala wali wa kuungua aliopika Eligio kwa sababu baba hakujua hata kuwasha jiko, wakazungushwa kwa mabasi katika miji midogo ambayo mpaka leo hawawezi kuitamka. Baba alifika ligi kuu akakaa miezi mitatu, kisha bega likamsaliti akarudishwa chini. Eligio hakufika kabisa. Baadaye walirudi wakawa wanacheza hapa nyumbani majira ya baridi, kila mmoja na timu yake, na kiangazi wanakwenda Mexico kutafuta riziki. Nilipozaliwa, Eligio ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo. Namwita Padrino, yaani baba wa ubatizo, na kwa miaka mingi nilidhani kila mtoto ana baba wawili.

Januari ya mwaka juzi timu ya baba ilikutana na timu ya Padrino. Kijana mmoja wa upande wa Padrino aliupiga mpira wa baba ukavuka uzio, na badala ya kukimbia akasimama kuutazama, akalirusha gongo la kupigia juu kama bibi harusi anayerusha maua, akazunguka uwanja polepole huku akimcheka baba usoni. Wewe unajua, Doña, kwamba kwetu jambo hilo halipiti hivi hivi. Mpigaji anayefuata wa timu hiyo hutupiwa na mrushaji mpira wa mbavu au wa paja, kama kisasi, anajisugua, anakwenda zake kwenye kituo cha kwanza, na ugomvi umekwisha. Aliyefuata alikuwa Padrino. Mpira wa kwanza ulimpata usoni, chini ya ukingo wa kofia.

Jicho la kushoto halikupona. Alikuwa ameshaahidiwa nafasi Mexico kiangazi kile, na nafasi ile alipewa mwingine.

Baba alikwenda hospitali akiwa bado amevaa viatu vya uwanjani, mama anasema vilikuwa vikigonga sakafu mpaka wauguzi wakageuka kumtazama, akamwambia Padrino mbele ya mkewe, Nurys, kwamba mkono ulikuwa na jasho na mpira ukamponyoka. Padrino alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Alijibu tu, "Jasho. Sawa." Tangu siku hiyo baba hajakanyaga nyumbani kwao.

Anayekwenda ni mimi. Kila Jumapili baada ya misa nakuta mfuko wa machungwa karibu na mlango, baba hasemi ni wa nani, nami nauchukua naupeleka dukani kwa Nurys, ambako Padrino sasa anauza mchele, mafuta na sabuni. Hunimiminia juisi. Kwa jicho moja hawezi kupima umbali, kwa hiyo mara nyingi anamwaga pembeni, kisha anasema, "Mwanangu, glasi imesogea tena," nasi tunacheka, ingawa mimi nikifika nyumbani silali vizuri.

Nje ya duka wazee hucheza domino na hawana adabu. Mmoja anaitwa Tito, na kila ligi ikianza humchokoza. Mwezi uliopita alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Eligio, usiku ule ulikuwa na baridi, mimi nilivaa koti. Sasa jasho la Radhamés lilitoka wapi?" Wengine wakaangua kicheko. Padrino aliweka kopo la maziwa rafuni taratibu, akamjibu, "Cheza domino lako, Tito. Wewe hujawahi kutoka jasho tangu uzaliwe, utalijuaje?" Nilijivunia, Doña, kwa sababu alimtetea baba.

Mara moja tu aliwahi kunisimulia ilivyokuwa. Alisimama katikati ya magunia akanionyesha: "Mimi nilikuwa nimeshageuza bega, hivi. Halafu mpira ukapanda." Nikawaza jinsi mwili wake ulivyokuwa mwepesi, na nikaona uchungu. Na kila ninapoaga huniuliza jambo lile lile, "Baba yako hajakutuma neno?" Nami husema, "Anakusalimu sana, Padrino," kwa sababu ndiyo heshima, ingawa baba hajanituma. Yeye hutikisa kichwa, hugeukia rafu zake, husema, "Haya. Nawe msalimie."

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Wiki tatu zilizopita, mchana, nilikuwa nyuma ya pazia nimevaa gauni langu likiwa na pini, nangoja mama aje kupima pindo, na sebuleni baba alikuwa anatazama mechi kwenye televisheni. Mpigaji akapigwa mpira wa mgongo. Mtangazaji akasema pengine umeponyoka. Baba akacheka kwa pua, akasema, "Huo haukuponyoka." Mama, ambaye alikuwa anamenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa, "Kama wako."

Nilidhani atakasirika. Alipunguza sauti ya televisheni, akasema, "Nililenga mbavu, Mireya. Kocha aliniambia unajua la kufanya. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, bega bovu, na kocha ananitazama. Nililenga mbavu."

Mama akamuuliza, "Na Eligio unamwambia lini?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimtupia kwa makusudi, ila si hapo?"

Mama aliendelea kumenya ndizi. Baadaye alipokuja kupima pindo aliniona uso, akajua nimesikia, akaninong'oneza tuache sherehe ipite kwanza, kwa sababu timu imemwahidi baba kazi ya kufundisha warushaji vijana msimu huu ukiisha, na neno likitoka nje kazi hiyo itakwenda na upepo.

Doña Ercilia, katika sherehe baba yangu atanivua viatu vya kitoto na kunivalisha vya kisigino, tutacheza wimbo mmoja, kisha ataukabidhi mkono wangu kwa Padrino tucheze wa pili. Padrino anafanya mazoezi. Nurys aliniambia anasukuma magunia ya mchele ukutani, yeye Nurys anamhesabia moja mbili tatu, na Padrino anazunguka dukani amekumbatia hewa ili siku yenyewe asije akagonga meza za wageni. 

Sista Benigna ametufundisha kusema kweli, na ametufundisha kuwaheshimu wazazi, lakini hajatufundisha la kufanya vitu hivyo viwili vikigombana. Je, nimwambie Padrino kabla hajanishika mkono mbele ya watu, akimchukia baba amchukie akijua sababu? Au ninyamaze, nicheze naye huku najua? Nampenda baba. Bado naamini wale vijana wawili waliokula wali wa kuungua hawajafa wote. Nisaidie nisifanye kosa.

Wako katika heshima,
Binti wa Mrushaji

*

Binti wa Mrushaji,

Barua yako ndefu, na mwalimu wako wa lugha apewe pongezi. Nimeisoma yote. Futa uso, kisha ukae wima, maana sitakubembeleza sana.

Unaniuliza kama umwambie Padrino wako. Umwambie nini? Anajua.

Umeniandikia mwenyewe na hukuona. Aligeuza bega kabla mpira haujapanda. Mtu hageuzi bega kwa sababu ya jasho la mwenzake, binti yangu. Anageuza bega kuzificha mbavu, kwa sababu ameshausoma uso wa mrushaji na amejua mpira huo ni wake. Mimi niliishi na mume aliyekuwa mdakaji wa besiboli, Mungu amrehemu, nikamfulia jezi mpaka mikono ikachubuka, na niliyasikia mazungumzo yao mezani. Mara tu lile gongo liliporushwa juu, uwanja mzima ulijua nani atapigwa. Tito na koti lake alijua. Eligio alitembea kwenda kusimama pale akijua, na alikwenda, kwa sababu ndiyo sheria yao: wanaume wazima wanavunjana mbavu kwa kuwa mtoto mmoja hana adabu. Mpira ungempata mbavuni, angemtukana baba yako kidogo, na Jumapili wangekula mbuzi pamoja. Yule kocha aliyesema "unajua la kufanya" nina hakika analala vizuri mpaka leo.

Hata jicho, pengine, Eligio angelisamehe. Kilichomkwama kooni ni jasho. Mtu amelala na bandeji, rafiki yake wa ujana anamdanganya mbele ya mkewe, naye analazimika kuubeba uongo huo na kuutetea dukani mbele ya wacheza domino. Ulidhani anamtetea baba yako. Alikuwa anamfichia aibu, na hiyo ni kazi nzito kuliko kuuza mchele.

Sasa ni zamu yako ya kukaripiwa. Kwa miaka miwili mtu mzima anakuuliza swali moja kila Jumapili, nawe unamjibu kwa salamu ulizozitunga. Najua ulifanya kwa upendo. Lakini yeye haombi salamu. Anauliza kama ile kweli imefika, na wewe kila mara unamjibu, kwa adabu zote za masista, kwamba haijafika na haina mpango wa kufika. Na baba yako umempa mahali pazuri pa kujificha: yeye anaweka machungwa, wewe unaweka maneno, hakuna anayetoa kitu kinachomgharimu. Machungwa hayawezi kuwa neno.

Mama yako anasema mngoje sherehe ipite. Mwambie kwa heshima kwamba sherehe nyingine itakuja, na nyingine, na mwisho itakuwa mazishi ya mmoja wao. Kuhusu ile kazi, sikilizeni wewe na mama yako: kama haiwezi kusimama bila uongo huu, hao vijana watafundishwa nini hasa? Kulenga mbavu?

Fanya hivi. Jumamosi, mchana, mama yako akiwepo, mwendee baba yako. Usilie na usitaje gauni wala ukumbi. Sema, "Baba, nilisikia. Padrino huniuliza kila Jumapili kama umenituma neno." Kisha ondoka. Usisubiri jibu, maana mwanaume akitazamwa na binti yake atatafuta jasho jingine. Akiamua kwenda kwa Eligio, kaa nyumbani, usimfuate na usichungulie. Asipokwenda, hilo ni lake, na ulichosikia nyuma ya pazia si chako kukipeleka. Kweli hiyo ina mwenyewe. Ukiisema wewe, utakuwa umemnyang'anya baba yako jambo la mwisho alilobaki nalo la kumpa rafiki yake.

Na sherehe fanya. Cheza na Padrino wako, umshike upande wa jicho bovu umwongoze, ameshajihangaisha vya kutosha na magunia. Lakini usiwavute hao wawili washikane mikono mbele ya mpiga picha. Gauni lako si kamba ya kufungia watu.

Siwezi kukuahidi kwamba watapatana. Jicho halirudi, nafasi ya Mexico hairudi, na iko misamaha inayofika mlango umeshafungwa. Huenda Eligio atamsikiliza mpaka mwisho kisha amwombe atoke. Atakuwa na haki. Lakini atakuwa ameambiwa.

Jumapili hii peleka machungwa kama kawaida. Kama baba yako bado hajafika huko, utaulizwa lile swali mlangoni. Usiseme anakusalimu. Mwambie, "Hapana, Padrino. Hajanituma." Halafu usikimbie. Rudi ndani, umshikie glasi akimimina.

Doña Ercilia